Nyasi Zilizofika Kisumu Zikiwa Safi

Kimbo, Ruiru
10 Februari 2025

Kwako binti yangu Waceke,

Barua hii unaandikiwa na mtu ambaye, kuanzia wiki hii, hewa yote ya kutoka Ruiru mpaka Thika iko chini ya ulinzi wake. Si mimi nimesema. Ni askari wa geti la mtaa wa Membley. Nilifika pale na bodaboda, ndoo zako za nyasi zimefungwa nyuma, nikamwambia mimi ndiye mkuu wa utafiti. Akaniitisha kitambulisho. Nikamwonyesha glavu. Waceke, alifungua geti lote, mpaka ule upande wa malori, na akapiga saluti. Watu wa Membley wakachungulia kwa madirisha wakidhani ni gavana amekuja kuona mtaro.

Ndoo zimekaa vile ulichora. Moja Membley kwa ukuta wa rafiki yako Maggie. Moja hapa kwangu, karibu na barabara kuu. Na ya tatu Thika, kwa shule ya chekechea ya Mwalimu Mwongeli, ukuta mmoja na ile yadi ya kuyeyusha betri kuukuu za magari. Zote ziko juu ya mlingoti, kimo cha kifua, na maji zinakunywa zenyewe kwa ule utambi wa chini. Hiyo akili sijui ulitoa wapi. Labda kwangu.

Mjukuu wangu Ndanu, yule wa Ciku, si unajua yuko hapo kwa Mwongeli? Alikuja akasimama chini ya ndoo. "Guka, hii ni nyasi ya ng'ombe gani?" Nikamwambia ni ya ng'ombe wa Kisumu, huyo hula barua na nyasi pamoja. Ameamini.

Usinipigie simu juu ya haya mambo. Nikiongea kwa simu steji yote ya Kimbo inasikia. Mama Ciku husema sauti yangu haihitaji mtandao. Tuandikiane, barua iingie ndani ya katoni ya nyasi. Katoni inaenda na basi, inarudi na basi. Hivyo ndivyo wakubwa hufanya.

Ni mimi baba yako mdogo,
Gichuru wa Kimbo, Msimamizi Mkuu


Kisumu
17 Februari 2025

Baba Mdogo,

Shikamoo, na salamu kwa Mama Ciku. Asante kwa ndoo, na pole kwa askari wa Membley.

Chuo cha Juja kimeniacha huku mpaka Mei, kwa sababu mashine nitakayotumia iko huku. Kwa hivyo wewe ndiwe macho yangu. Acha nikueleze vizuri tunachofanya, usije ukaulizwa ukajibu kwa glavu.

Nyasi hizi ni kama kitambaa kilichotandikwa nje. Kila kinachoelea hewani kinatua juu yake: moshi wa malori, vumbi la barabara, na kile kinachotoka kwa bomba la yadi. Zikikaa wiki nne, zinakatwa na kuletwa huku, nami napima madini mazito. Ninaloliogopa zaidi ni risasi, ile iliyo ndani ya betri. Haina harufu wala haimkohoshi mtu. Mtoto anaivuta, anailamba kidoleni, anacheza na kulala vizuri tu. Kisha akifika darasa la pili unamwona hashiki hesabu, na wazazi wanamchapa wakidhani ni uvivu. Baba Mdogo, hilo la kuchapwa ndilo linaloniumiza.

Unajua yadi imeomba ruhusa ya kujenga tanuru la pili. Hakuna mtu mwingine aliyepima pale. Ciku ameniuliza kama amhamishe Ndanu. Nimemwambia asubiri nyasi.

Wakati wa kukata, tumia ile makasi ya plastiki niliyoacha, si kisu cha chuma. Vaa glavu. Weka nyasi za kila ndoo kwa mfuko wake wa karatasi, uandike mahali zilipotoka, kisha upande mbegu zingine.

Wako,
Waceke


Kimbo
12 Machi 2025

Kwako Waceke,

Pokea mzigo. Fungua polepole, kaa chini kwanza.

Nimefanya yote. Glavu, makasi ya plastiki, mifuko. Hata nilikata kucha. Mama Ciku akaniuliza kama naenda kupasua mtu.

Sasa uniambie kama umewahi kuona nyasi kama hizo. Unakumbuka ule mwaka nilipeleka ng'ombe kwa maonyesho ya kilimo, wakasema hawana tuzo ya kutosha kumpa, wakampa tu utepe kwa sababu utepe ndio ulikuwa umebaki? Ndivyo nimezitayarisha hizi. Za Membley zilikuwa sawa, watoto wa matajiri hata nyasi zao hazichafuki. Za hapa kwangu, kidogo tu. Za kwa Mwongeli ndizo zilinipa kazi, lakini zimetoka kijani, zinang'aa kama kichwa cha mchungaji wetu. Mimi sijawahi kumpelekea mtu kitu kichafu, na sitaanza na mtoto wa ndugu yangu.

Nimepanda mbegu zingine kwa zile ndoo, vile ulisema.

Huyo Ndanu sasa anajua kuandika jina lake. Herufi ya mwisho anaiandika ikiangalia nyuma, kama mtu ameitwa.

Baba yako mdogo,
Gichuru, Msimamizi Mkuu


Kisumu
26 Machi 2025

Baba Mdogo,

Majibu yametoka. Nimekaa nayo siku mbili kabla ya kukuandikia kwa sababu sikuyatarajia.

Risasi katika nyasi za Thika haizidi ile ya Membley. Zile zako za Kimbo ni hivyo hivyo. Kama ni kweli, basi ni habari njema kuliko zote, na nilikuwa nimewaogopesha watu bure.

Lakini nataka kurudia. Mavuno mamoja si ushahidi. Tafadhali usimwambie mtu bado, hata Ciku. Hasa usiseme kwa kinyozi.

Wako,
Waceke


Kimbo
2 Aprili 2025

Kwako Waceke,

Nilikuwa nimeamua kunyamaza. Mungu ni shahidi. Lakini nilikuwa kwa kinyozi kule Thika, kichwa kimenyolewa nusu, mtu hawezi kutoka. Na nani alikuwa kiti cha pili? Kyengo, meneja wa yadi. Akaanza kusema ati kuna msichana wa chuo anataka kuwaharibia kazi. Aterere, sikiliza, damu ikanipanda. Nikamwambia, "Huyo msichana ni mtoto wa ndugu yangu, na hajaharibia mtu kitu. Soma mwenyewe!" Nikatoa barua yako kwa mfuko.

Alisoma. Akasoma tena. Akaniita mzee. Akaninunulia nyama choma na supu, akaniomba atoe fotokopi ya ile sehemu ya majibu tu. Sikuona ubaya.

Waceke, uko kwa geti la yadi! Karatasi imepigwa plastiki, imeshikwa na misumari minne: "Risasi katika nyasi za Thika haizidi ile ya Membley." Na jina lako chini. Mimi hupita hapo mara nyingi kuliko inavyohitajika. Leo nimekuta mama wawili wanaisoma, nikawaambia, "Huyo ni wetu."

Ciku naye ameshukuru sana. Alikuwa ameshapata shule nyingine huko mbali kidogo, ameiambia basi, Ndanu atabaki kwa Mwongeli. Chifu ameita mkutano tarehe 25 hapo hapo shuleni, watu waseme kama tanuru la pili lijengwe. Watu wengi sasa hawana shida nalo.

Nimekutengenezea jina. Ukirudi utanishukuru.

Baba yako mdogo,
Gichuru, Msimamizi Mkuu


Kisumu
8 Aprili 2025

Baba Mdogo,

Sijui nianzie wapi, kwa hivyo naanza na udongo.

Mashine haipimi risasi peke yake. Inapima pia madini ya udongo wa kawaida, ule mwekundu unaoujua, unaoshika kwenye soksi, kwenye nguo zilizoanikwa, kwenye meno ya mtu aliyetoka Thika kwa pikipiki. Nimerudi kuangalia hesabu zake. Nyasi zilizokaa wiki nne kando ya barabara ya vumbi, mbele ya shule yenye watoto wanaokimbia, hazina udongo. Hazina kabisa. Hata nyasi za msitu wa mlimani huwa na udongo kidogo.

Kwa hivyo ama vumbi la Thika limeokoka, ama kuna kitu kilifanyika kabla ya nyasi kuingia mfukoni.

Nakuuliza kwa heshima, na nakuomba usinipe hadithi. Ulifanya nini kabla ya kukata?

Waceke


Kimbo
13 Aprili 2025

Kwako Waceke,

Mwezi wa tatu kulinyesha mvua moja huku ambayo hata wazee hawakumbuki nyingine. Matone kama viazi. Iling'oa bati la kanisa ikaliweka juu ya kanisa lingine. Mvua kama hiyo inaweza kuosha kitu chochote.

Nimeandika hayo halafu nikakaa. Mama Ciku amenipitia akasoma kwa bega langu, akasema, "Mvua gani hiyo, na mimi nilikuwa nabeba maji kwa mtungi?"

Sawa. Niliziosha.

Wacha nikuambie kwa nini, usidhani ni ujinga tu. Siku ile nilifika kwa Mwongeli nikakuta zile nyasi zimekuwa na rangi ya jivu. Nikaguswa. Nikaona sasa katoni itafunguliwa huko Kisumu mbele ya walimu wako, wageni watupu, na wataona kile nyumbani kwenu kimekutumia. Waseme huyu msichana hana kwao? Waseme Wakikuyu wa Ruiru huleta taka? Hata mboga ya sukuma ya kumpelekea shemeji huoshwa ikafungwa na kamba ya mgomba. Kwa hivyo nikachukua beseni na kitambaa laini, cha kuosha mtoto, nikapitisha unyasi mmoja mmoja. Za hapa Kimbo pia, na za Membley nikazipitisha maji kidogo zisione wivu. Ilinichukua mchana wote. Nilikuwa naimba.

Ulisema makasi, nikafuata. Ulisema glavu, nikavaa. Hapo pa kuosha hukusema kitu, na mimi nikaona ni kwa sababu kila mtu mwenye adabu anajua.

Maji yalibaki kijivu, na chini kulikuwa na kitu kama unga mweusi, kinang'aa kidogo ukikigeuza kwa jua. Niliyamwaga kwa shamba dogo la sukuma la Mwalimu Mwongeli. Niliona ni vibaya kutupa maji.

Ule unga ndio ulikuwa unautaka, si ndiyo?

Gichuru


Kisumu
17 Aprili 2025

Baba Mdogo,

Ndiyo. Ule unga ndio nilikuwa nautaka.

Niliposoma barua yako nilikasirika, nikatoka nje nikazunguka uwanja. Nilipofika kwenye kile kitambaa cha mtoto, hasira ikakosa pa kukaa. Hakuna mtu aliyewahi kunifanyia kazi kwa mchana mzima huku akiimba. Na ni kweli, niliandika kila kitu isipokuwa hilo. Nilidhani halihitaji kusemwa, nawe ukadhani halihitaji kuulizwa. Kosa ni letu wawili na nitaliandika hivyo.

Kuhusu sukuma, usiogope lile beseni. Beseni moja si kitu mbele ya kinachoanguka juu ya hiyo mboga kila siku. Hapo ndipo penye hofu. Mwambie Mwalimu aache kuwapikia watoto kutoka shamba hilo.

Sasa tanuru. Nimetuma barua rasmi kwa chifu kwamba ile karatasi ya getini haifai. Lakini Kyengo atasema wazazi wamenitisha nimebadilisha maneno, na watu wanaamini karatasi iliyopigwa plastiki kuliko iliyokunjwa. Tarehe 25 mimi nitakuwa nimesimama mbele ya walimu wangu, nikiwaambia kwamba miezi miwili ya kazi yangu ni nyasi safi. Siwezi kuja. Na hata nikija, nitasema nini? Sikuyaona maji yale. Aliyeyaona ni wewe.

Ukinyamaza, tanuru litajengwa kwa jina langu, na Ndanu ataketi ukuta mmoja nalo.

Najua ninachokuomba. Najua utasimama mbele ya watu wa kinyozi, wa steji, na wakwe zako Wakamba wote, watu wa mume wa Ciku, useme uliosha nyasi. Kama kuna njia nyingine, mimi sijaiona.

Wako,
Waceke


Kimbo
28 Aprili 2025

Kwako Daktari Waceke (najua bado, lakini mimi huandika mbele),

Mkutano ulifanyika. Uwanja wa shule ulijaa mpaka wanaume wakubwa wakakalia vile viti vya watoto, magoti yamefika masikioni. Kyengo akaja na karatasi, ameing'oa kwa geti na plastiki yake na misumari yake. Akaisoma kwa sauti ya kanisa. Watu wakapiga makofi. Chifu akasoma na ile yako iliyokunjwa, Kyengo akacheka kidogo. "Wazazi wamemtisha msichana wa watu." Vile vile ulisema.

Nikasema mbele ya wote, "Mimi ndiye nilikata hizo nyasi. Na kabla ya kuzikata, niliziosha."

Kyengo akanigeukia. "Mzee Gichuru, si wewe uliniambia kwa kinyozi wewe ni msimamizi mkuu?"

"Nilisema."

"Na msimamizi mkuu anaosha nyasi? Ulizipaka na mafuta?"

Waceke, walicheka. Kaleli, shemeji yake Ciku, alicheka mpaka akashika ukuta. Mama mmoja akaniuliza kama naweza kumpitia kesho nimwoshee shamba. Mimi nikangoja. Nimechekesha watu maisha yangu yote na sikujua inavyokuwa ukiwa chini yake.

Halafu Mwalimu Mwongeli akauliza, hakuwa anacheka, "Mzee, hayo maji yalikuwa rangi gani?"

"Kijivu, Mwalimu. Kama jivu la jiko. Na unga mweusi chini."

"Uliyamwaga wapi?"

"Kwa sukuma yako."

Hapo kicheko kilikatika. Unajua watoto hula hapo saa sita, sukuma na ugali. Kila mama alikuwa anahesabu kichwani siku ambazo mtoto wake amekula hapo. Ciku akainuka akanitazama vile alikuwa akinitazama akiwa mdogo nikimwambia nimeua chui, akijua sijaua.

Nikawaambia maneno yako, lakini kwa lugha yangu. Nikasema, "Kyengo, mama watoto akikufulia shati Jumapili, mtu akaliona, anaweza kusema wewe hufanyi kazi kwa yadi?" Kyengo akaangalia shati lake. Akasema hata yeye ana mtoto. Hakusema yuko shule gani.

Chifu ameamua tanuru la pili lisianzwe mpaka majibu mapya yatoke. Hizi nyasi mpya zitakatwa mbele ya wazazi, Kyengo akiwa hapo, na mifuko itafungwa na kutiwa sahihi na watu wote. Mimi sitakaribia na maji. Mwongeli ameng'oa sukuma yote. Ciku alimchukua Ndanu jioni hiyo hiyo bila kuniaga, lakini jana amenitumia salamu, na ile shule ya mbali imekubali. Wengine hawana shule ya mbali. Hao ndio nawafikiria nikipita pale.

Sasa, hapo nimeandika "nikasema mbele ya wote." Ni kweli nilisema. Lakini ukisoma hivyo utaona kama niliruka tu nikasimama, na wewe umenifundisha ubaya wa kutuma kitu kikiwa kimeoshwa.

Chifu alipouliza nani ana neno, mimi sikuwa uwanjani. Nilikuwa kwa choo cha watoto. Niliingia Kyengo alipoanza kusoma, nikafunga kwa ndani, nikakalia kile kidude kidogo, nikawa naomba mkutano uishe. Nilisikia chifu akiuliza. Nilisikia akisema basi tufunge na maombi.

Halafu mlango ukagongwa.

"Guka, toka. Nimebanwa."

Nikavuta miguu nyuma. Hata pumzi nikashika.

"Guka, naona viatu vyako."

Nikatoka. Na kwa vile nilikuwa nimeshatoka, na watu wote wameshageuka kuona ni nani, nikasema.

Baba yako mdogo,
Gichuru